Filamu ni ya Dobi

Siku ile Dobi alikwenda chuo kikuu kudai filamu yake, na alikuwa amejiandaa. Alivaa gauni lililopigwa pasi mara mbili. Akamvalisha mdogo wake tai ya mteja mmoja ambaye asingekuja kuichukua kabla ya Jumatatu. Ndani ya mkoba akaweka karatasi aliyoiandika kwa mkono wake, herufi kubwa: MTUNZI NA MWONGOZAJI: DOBI. Karatasi hiyo nayo aliipiga pasi.

"Dada, ukifika usianze na matusi," mdogo wake alimwambia njiani.

"Naanza na salamu. Matusi yana foleni yake."

Mdogo wake huyo mtaani walimwita Kaimu, kwa sababu tangu utoto alikuwa mtu wa kushikilia nafasi ya mwenzake. Mlinzi wa duka akiugua, analinda yeye. Kipa akiteguka kidole, anadaka yeye, na anafungwa yeye. Na pale kwa dada yake alikuwa ameshikilia pasi ya pili kwa miaka kumi na mmoja, tangu mwenye pasi hiyo, yaani shemeji yake, alipoondoka.

Shemeji aliondokaje? Hilo mtaa mzima ulilijua, maana Dobi alimsimulia kila mteja aliyeleta nguo zaidi ya tatu. Mume alirudi jioni moja amevaa shati lililofuliwa kwa sabuni ngeni. Mwanamke mwingine angepekua mifuko. Dobi, ambaye angeweza kukutajia sabuni ya jirani yako kwa pua tu, alinusa mara moja akajua kwamba mahali fulani kuna mwanamke anamfulia mumewe, tena hasuuzi vizuri. Ndipo alipoinua pasi ya moto akamwambia: "Toka, kabla sijakunyoosha na wewe!" Mume akatoka mbio kifua wazi, viatu mkononi.

"Na shati?" wateja waliuliza kila mara, ingawa jibu walilijua.

Dobi aliinua kitambaa cheusi tii cha kufutia uso wa pasi. "Ndilo hili."

Watu walivunjika mbavu. Wanawake waliokuwa na mushkeli nyumbani walileta nguo ambazo hata hazikuwa chafu, ilimradi wakisikie tena kisa hicho, na walitoka pale wamenyoosha mabega. Kisa kilikuwa chake, kama vile pasi zilivyokuwa zake, na hakuna aliyewahi kumgusia habari ya kukibadilisha.

Halafu akaja Daktari. Alikuwa binti wa miaka thelathini hivi, mwenye kamera, kiti cha kukunja na barua yenye mihuri mitatu. Dobi alimwomba dawa ya mgongo. Daktari akaeleza kwamba udaktari wake si wa kutibu: yeye huenda kukaa na watu, akawatazama wanavyoishi, akawapiga filamu na kuandika. Hapa alitaka kujua ndugu wanavyofanya kazi pamoja.

Dobi alifikiri kidogo. "Mimi, mwanangu, miaka thelathini nashika nguo chafu za watu. Najua nani kalala wapi, nani kaacha kula, nani kanunua shati la kuombea kazi. Huo udaktari wangu unatolewa dirisha gani?"

Daktari alicheka mpaka akashika meza, na kwa kicheko hicho Dobi akampenda. Akampa kona karibu na mafurushi.

Kamera ilikuwa na taa ndogo nyekundu mbele. Ikiwaka, maana yake inanasa. Wateja wakiiona waliziba kola zilizochakaa kwa viganja na kuanza kuongea kama wanaosoma taarifa ya habari. Dobi akachukua tiketi moja ya nguo, akailamba upande wa gundi, akaibandika juu ya ile taa. "Sasa hakuna atakayejua kama inawaka au haiwaki," alisema, akiwa ameridhika sana. Kwamba na yeye ni mmoja wa hao wasiojua, hilo halikumpitia kichwani.

Ilipita miezi minane, na kwa miezi minane yote hiyo watu walipiga pasi. Daktari alinasa mvuke, mikono, kola, mikono tena. Alianza kukonda. Siku moja akakiri kwamba mkubwa wake chuoni, Profesa, alikuwa ametazama saa sita za kupiga pasi na kuuliza swali moja tu: kisa kiko wapi?

"Kisa?" Dobi aliweka pasi chini. "Mwanangu, kumbe unatafuta kisa na umekaa juu ya mafurushi yangu miezi yote hiyo? Si ungesema!"

Siku tatu walifanya mazoezi. Igizo lilikuwa la siku ile ya kufukuzwa mume, na mume alikuwa Kaimu, nani mwingine? Dobi aligawa maneno. Alihamisha meza karibu na dirisha. Alimwonyesha Daktari pa kusimama: "Ukikaa hapo utapata mgongo wangu, na mgongo wangu hauna la kusema." Kaimu alipotoka mbio, alirudishwa mara tano kwa sababu alikuwa anakimbia kama mtu anayewahi basi, si kama mtu aliyefumaniwa. Tatizo lake jingine lilikuwa ubishi.

"Lakini dada, siku ile pasi si ilikuwa baridi? Umeme ulikatika tangu alfajiri."

"Nyamaza. Wewe sasa hivi ni mume."

"Na mbona aliondoka asubuhi, tena amevaa..."

"Mume haongei! Nyusi juu. Ogopa!"

Mara ya sita kila kitu kilikwenda sawasawa. Pasi ilipanda juu, mume akakimbia, kitambaa cheusi kikainuliwa. Dobi alipangusa jasho akiwa na furaha ambayo hakuwa ameipata siku nyingi. "Haya, zima. Tumemaliza," alimwambia Daktari. Daktari na Kaimu wakatoka kwenda kunywa chai, na Dobi akabaki nyuma, eti kupanga nguo.

Wiki zikapita. Siku moja likaja tangazo la filamu lenye picha yake nzuri ameinua pasi. Juu kumeandikwa kwamba ni filamu ya Daktari, na jina la Daktari limejaa karatasi nzima. Chini, kwa herufi za ukubwa wa sisimizi: wahusika, dobi na mdogo wake.

"Wahusika?" Dobi alitoka povu. "Wahusika ni watu wanaotafutwa na polisi! Nani kaitunga? Nani kapanga meza? Nani kamfundisha huyu bwege kuogopa?"

Kwa bahati, tangazo lile lilikuwa la kujaribia tu. Kabla filamu haijatoka ilikuwa lazima Dobi aitazame, kisha asaini fomu kwamba ameridhia. Bila saini hiyo hakuna kitu. Dobi aliposikia hivyo alitulia, akatafuta karatasi safi na kalamu.

Ndiyo maana sasa walikuwa wameketi mstari wa mbele, kwenye chumba chenye viti vya plastiki na pazia lililogoma kufika mwisho wa dirisha. Nyuma yao walikaa wanafunzi na walimu kama ishirini. Profesa alikuwa anatafuta miwani yake, ambayo ilikuwa juu ya paji la uso wake. Mlangoni alisimama mama mwenye mafunguo, mtunza chumba, akingoja watu wamalize afunge.

Filamu ikaanza. Mvuke, mikono, kola. Dobi aliona mikono yake ilivyo na kasi akajivunia. Halafu likaja igizo, na moyo ukamruka, kwa sababu halikuja vile alivyolipanga. Daktari alikuwa ameyaacha yote ndani, hata mazoezi. Dobi akajiona akipiga kelele: "Ogopa!" Akamwona Kaimu akikimbia mara tano. Akamsikia Kaimu akisema habari za umeme kukatika. Chumba kizima kikaangua kicheko, wengine wakapiga makofi. Dobi alitaka kukasirika lakini alishindwa kujua akasirikie nini, maana walicheka palepale alipotaka wacheke na pengine zaidi. Likaja lile la mwisho, kitambaa cheusi: "Ndilo hili!" Makofi. Dobi alishika mkoba wake tayari kusimama.

Lakini filamu haikuisha.

Kwenye filamu ilisikika sauti yake ikisema: "Haya, zima. Tumemaliza." Mlango ukafungwa. Kamera ilibaki imesimama peke yake kwenye kona, ikitazama. Dobi wa kwenye filamu alisikiliza kidogo kama kuna mtu. Kisha akaenda mwisho kabisa wa bomba la kutundikia nguo, akasogeza makoti, akatoa shati jeupe. Shati zima, safi, lenye tiketi namba mia nne na kumi na mbili. Alilinusa kwapani. Akalinyunyizia maji, akalipiga pasi: mabega, mikono, kola mara mbili. Kifungo cha tatu kutoka chini kilikuwa kinaning'inia. Alichukua sindano iliyokuwa kwenye gauni lake, akakishona kwa uzi uliokuwa tayari ndani ya sindano, mweusi, akaukata kwa meno. Akafunga vifungo vyote mpaka shingoni, akalitundika, akaigeuza tiketi itazame mbele.

"Ijumaa basi," aliliambia shati.

Filamu ikaisha hapo. Hakuna aliyepiga makofi. Kaimu alikuwa anaitazama tai ya watu iliyo shingoni mwake. Yeye alikuwepo siku ile. Alimwona shemeji akitoka asubuhi taratibu, amevaa nguo zake zote, begi begani, akimwachia dada yake shati moja mezani na kusema atalipitia Ijumaa. Hakukuwa na sabuni ngeni, wala pasi ya moto, wala mtu wa kufukuzwa. Miaka kumi na mmoja Kaimu aliyafungia hayo moyoni, na yeye si mtu mwenye kifua.

Profesa akaipata miwani. "Sasa tujiulize," alisema kwa furaha, "filamu hii mtunzi wake ni nani? Ni aliyeshika kamera? Ni anayetazamwa? Au ni sisi tunaotazama?"

Chuoni maswali ya namna hiyo huulizwa ili yasijibiwe. Dobi alisimama. Akaitoa karatasi yake, akaikunja, na kwa mtu kama yeye kukunja kitu kilichokwisha kupigwa pasi si jambo dogo.

"Hamjambo," alisema, maana aliahidi kuanza na salamu. "Igizo ni langu. Nimelitunga, nimeliongoza, huyu mwenye tai nimemfundisha mimi. Hicho cha mwisho sikukitunga. Nilisema zima."

"Ulisema, mama." Daktari naye alisimama, uso umemshuka. "Nilidhani nimezima. Nimekuja kukiona baada ya wiki mbili."

"Taa nyekundu hukuiona?"

"Iko chini ya tiketi, mama."

Dobi alikumbuka ladha ya ile gundi.

"Kwa hiyo ulijua kwamba nilikuwa napiga chuku," alisema.

"Tangu siku Kaimu aliposema umeme ulikatika."

"Ukaniacha nihangaike siku tatu nzima!"

"Ulikuwa na furaha, mama. Sijawahi kukuona na furaha namna ile."

Lilikuwa jibu la kweli, na Dobi alichukia kwamba ni la kweli. Alijiona atakavyokuwa kuanzia siku hiyo. Jana alikuwa mwanamke aliyemfukuza mume kwa pasi. Filamu ikitoka, atakuwa mwanamke anayempigia mume pasi shati kila Ijumaa, na mume mwenyewe hana habari. Na wale wanawake waliokuwa wanakuja kuazima mabega kwake, sasa watakwenda kwa nani? Aliona aibu, aibu ya kuchoma masikio.

"Hujasaini," Daktari alisema. "Ukitaka nikitoe, nakitoa leo hii."

"Lakini hicho ndicho filamu!" Profesa alilipuka.

"Wewe nyamaza," Dobi alimwambia, na Profesa, ambaye hakuwahi kuambiwa hivyo tangu apewe cheo, akanyamaza. Dobi akamgeukia Daktari. Kulikuwa na jambo moja lililomuuma kuliko hata aibu, na ilibidi aliulize. "Na igizo langu?"

"Linachekesha sana, mama."

"Linachekesha tu?"

Daktari aliangalia sakafu. Basi hilo nalo Dobi alilimeza.

Ndipo ikasikika sauti kutoka mlangoni. Alikuwa yule mama mwenye mafunguo. "Mimi ninalo koti," alisema. "La kijivu. Mwaka wa sita huu. Kila mwisho wa mwezi nalitoa naliweka juani." Alishtuka kujisikia akisema, kisha akamalizia: "Nyumbani wanajua nilishaligawa."

Profesa aliinua kalamu, kisha akairudisha mfukoni.

Dobi alimgeukia yule mama. "Unaliweka juani lenyewe?"

"Eeh."

"Litapauka, dada. Weka kivulini penye upepo."

"Ahsante, dada."

Dobi akaketi. Akafikiri, na wote wakamngoja. Aliposimama tena alikuwa amekata kauli, na sauti yake ilikuwa ileile ya dukani. "Hicho kipande kinarudiwa."

"Mama, hakiwezi kuru..."

"Uzi mweusi! Kifungo cheupe, shati jeupe, uzi mweusi, na mimi dobi wa miaka thelathini! Kama ni kuonekana mjinga, nionekane mjinga anayejua kazi yake. Ijumaa mchana, njoo na kamera. Fomu yako nitaisaini hapo."

Ijumaa Daktari alifika. Alipewa pa kusimama. Dobi alikuwa ametayarisha uzi mweupe na sindano namba ndogo, na Kaimu alisimama kwenye pasi ya pili akiwa ameagizwa asipumue kwa sauti. Dobi alisogeza makoti, akalitoa shati. Alilitandaza mezani. Kwa wembe akaukata ule uzi mweusi, taratibu, asiguse kitambaa, na kifungo kikamdondokea kiganjani.

Alipaswa sasa kukishona. Ndivyo mwenyewe alivyopanga. Alikishika kile kifungo, akakitazama, akaitazama tiketi. Sindano ilikuwa pale pale, na uzi wake. Dakika nzima ilipita.

"Wewe," Dobi aliita. "Njoo hapa."

Kaimu alikuja na nyusi juu, tayari kuogopa. "Nije kama nani, dada? Kama shemeji?"

"Njoo kama wewe."

Kaimu alisimama hajui aweke wapi mikono. Nafasi hiyo hakuwahi kupewa na mtu. Dobi alimvua fulana kama alivyomvua walipokuwa wadogo, akamvalisha shati, akamfunga vifungo. Lilimbana tumboni, na pale kwenye kifungo cha tatu palibaki wazi, kitovu kinachungulia.

"Linanibana, dada."

"Utapungua."

Akakiweka kile kifungo kwenye kopo la vifungo vya watu wote. Akafungua daftari la tiketi, lile la zamani lililokatika mgongo, akapekua mpaka akaipata mia nne na kumi na mbili. Mbele yake akaandika neno moja, kwa mwandiko ule ule wa kila siku: Limechukuliwa. Fomu ya Daktari ilikuwa hapo hapo mezani, akaisaini kwa kalamu hiyo hiyo.

"Jina langu linakaa wapi?" aliuliza.

"Juu, mama. Mtunzi na mwongozaji. Langu litakuwa chini yako."

"Na kile kipande cha uzi mweusi?"

"Unataka nikitoe?"

Dobi alifikiri kuhusu koti la kijivu. "Kiache. Halafu ndiyo kije hiki. Lakini kile uandike hakikutungwa na mtu, nisije nikasifiwa kwa kitu nisichokifanyia mazoezi."

Kisha akasema, "Zima."

Daktari alibonyeza. Dobi hakumwamini. Alikwenda mpaka mbele ya kamera, akaibandua ile tiketi kwa kucha, akainama akachungulia. Taa ilikuwa imezimika kweli. Akarudi, akakaa juu ya furushi la mashuka ya watu, akalia. Alilia sana, kwa sauti, miaka kumi na mmoja yote, wakati Kaimu amesimama mbele yake na lile shati, hajui alivue au abaki nalo.

Kwenye filamu hayo hayamo. Tumeyajua kwa sababu Kaimu hana kifua, na kwa sababu shati analo mpaka leo, na kila anayemuuliza mbona halina kifungo humsimulia mwanzo hadi mwisho.